Shajara ya mradi: kadi ya sauti kwa kompyuta ya Maalim

Jumamosi. Tatizo lenyewe

Kompyuta ni Dell OptiPlex 7010, ile ya boksi refu la kusimama, mtumba, imepigwa Debian 12, mfumo wa Linux, na mazingira ya MATE, yaani upande wa madirisha na vitufe. Mwenyewe ni Maalim, jirani yangu hapa Tanga, ambaye macho yake yalizima akiwa mtu mzima. Ana makasha ya kaseti za maulidi na kaswida, na kazi anayoifanya siku hizi ni kuzihamishia kwenye kompyuta, kuzikata, kuzipa majina na kuzipanga.

Anatumia njia mbili. Kwenye skrini nyeusi ya amri anasomewa na Speakup, ambayo imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na maneno yanatamkwa na eSpeak NG kupitia programu ndogo iitwayo espeakup. Akitaka intaneti au kukata rekodi anahamia MATE, na huko anasomewa na Orca. Sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG ni ya kibati kidogo, lakini ipo, na Maalim ameizoea hivi kwamba anaiendesha kwa kasi ambayo mimi siambulii neno.

Basi, anaacha kaswida inacheza MATE, anabonyeza Ctrl+Alt+F2 aende kwenye skrini ya amri akabadilishe majina ya mafaili, na huko anakuta kimya. Hakuna kinachosomwa. Siku nyingine ni kinyume chake: espeakup inawahi kadi ya sauti tangu kompyuta inawaka, na akiingia MATE, Orca ni bubu, na ukifungua mipangilio ya sauti unakuta imeandikwa "Dummy Output", yaani hakuna kadi kabisa. Mwenye macho sauti ikikata anatazama skrini na kuendelea. Kwa Maalim, sauti ikikata kompyuta imekufa.

"Mwanangu," aliniambia, "hii mashine ina wivu. Akisema mmoja, mwenzake haruhusiwi."

Nimefungua dirisha la amri nikaandika `aplay -l`, amri ya kuorodhesha kadi za sauti. Jibu liko mstari wa mwisho: `Subdevices: 1/1`. Kadi ya Realtek iliyomo kwenye mazabodi ina mlango mmoja tu wa kupokea sauti. Nimelihakikisha kwa madirisha mawili: la kwanza nikapiga faili kwa `aplay -D hw:PCH,0`, la pili nikarudia amri ileile. La kwanza likaimba, la pili likarudisha `Device or resource busy`. Ugomvi wote wa Maalim uko kwenye maneno hayo.

Jumapili. Nani anajumlisha

Naandika hapa kwa kirefu kwa sababu mafundi wengi ninaowaeleza jambo hili hunijibu, "Lakini mbona kompyuta yangu inacheza nyimbo na YouTube kwa pamoja?" Ni kweli, inacheza. Spika ni moja, programu ni mbili. Lazima mahali fulani namba za mkondo mmoja wa sauti zijumlishwe na za mkondo wa pili, mara 48,000 kila sekunde, kushoto na kulia, na jumla ndiyo iende kwenye spika. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu. Kwenye kompyuta hii ni PulseAudio. Kwenye mifumo mipya zaidi ni PipeWire. Programu zote za MATE zinampelekea PulseAudio sauti zao, yeye anajumlisha, kisha anashika ule mlango mmoja wa kadi na kupitisha jumla.

Tatizo ni kwamba espeakup haipiti kwa PulseAudio. Inawaka na mfumo, kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), kabla hajaingia mtu yeyote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana Maalim anahitaji kusomewa hata pale anapoandika jina lake na neno la siri. PulseAudio ni wa mtumiaji aliyeingia MATE. Hapo sasa wamekuwa wajumlishaji wawili mbele ya mlango mmoja, na aliyetangulia anafunga kwa ndani. PulseAudio akikaa sekunde chache bila sauti ya kupiga huiachia kadi, ndiyo maana tatizo lilikuwa la kuja na kuondoka, na ndugu wa nyumbani wakamwambia Maalim labda anabonyeza vibaya.

Nimejaribu kwanza dawa ya bure. ALSA, ile sehemu ya Linux inayoongea na kadi za sauti, ina kitu kinaitwa dmix, mjumlishaji wa programu anayekaa chini ya wote. Unamwagiza PulseAudio asishike kadi yenyewe, apitie dmix, na espeakup nayo ipitie hukohuko. Inafanya kazi, na kwa mtu asiye na hela ya kununua chochote ningemwekea hiyo na kuondoka. Ila ili ikae sawa inabidi uzime utaratibu wa PulseAudio wa kutambua kadi zenyewe, kwa hiyo hedifoni ya USB ukichomeka haionekani mpaka uiandikie mstari wake. Tena yote yananing'inia kwenye faili moja la maandishi. Siku faili hilo likiguswa na mtu au na sasisho, sauti inakatika, na anayetakiwa kulirekebisha ni mtu ambaye bila sauti hawezi kulisoma. Hapo ndipo nilipoikataa. Nataka kazi hii iwe kwenye chuma.

Jumatatu usiku. Kadi zinazojumlisha zenyewe

Zamani kadi za namna hii zilikuwa nyingi. Gravis UltraSound ya 1992 ilikuwa na sauti 32 zilizojumlishwa ndani ya kadi, zikisomwa kutoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Ingawa ukizitumia zote 32 ubora ulishuka mpaka kilohezi 19.2, na kilohezi 44.1 kamili uliipata kwa sauti 14 tu. Baadaye zikaja Trident 4DWave, Yamaha YMF724 na YMF744, Aureal Vortex, na Crystal CS46xx. Na kampuni ya Creative ikatoa Sound Blaster Live! mwaka 1998, yenye chipu ya EMU10K1 inayoshughulikia sauti 64 kwa mpigo.

Zimekwenda wapi? Prosesa zilipata nguvu, kujumlisha namba kukawa kazi ndogo isiyostahili chipu ya peke yake. Intel walikuwa wameleta utaratibu wa AC'97 mwaka 1997, kisha HD Audio mwaka 2004, na kadi za kwenye mazabodi zikawa kigeuzi tu cha namba kuwa umeme. Windows Vista ilipotoka 2007, Microsoft waliifunga njia ambayo michezo ilikuwa ikiitumia kuifikia chipu ya kadi moja kwa moja kupitia DirectSound. Tangu hapo mnunuzi wa kawaida hakuwa na sababu ya kuuliza kadi inajumlisha au haijumlishi, na kiwandani hakuna wa kuitengeneza kwa ajili ya mtu kama Maalim.

Kwa hiyo ninachotafuta ni kadi ya zamani yenye draiva nzuri kwenye Linux. Nimezipanga hivi kwa uzito wa moyo wangu.

EMU10K1 na wadogo zake wa Audigy, kadi za Creative zilizofuata, ndio wa kwanza. Draiva yao, `snd-emu10k1`, imo kwenye kerneli miaka mingi, na kadi inajitangaza kuwa na milango 32. Milango hiyo inagawana zile sauti 64, na faili la stirio hula angalau mbili, kwa hiyo hutapiga stirio 32 kwa raha. Maalim anahitaji tatu.

X-Fi ya Creative ya mwaka 2005, yenye EMU20K1, ina nguvu zaidi, lakini draiva yake iliingia kwenye kerneli 2009 tu, baada ya msukosuko mrefu, na sijawahi kuipenda. Ikitokea mezani sitaikataa, ila siitafuti.

Sauti mbili kwa kadi mbili: unanunua kidude cha USB cha bei chee, unampa espeakup, Realtek inabaki ya PulseAudio. Wapo wasioona wanaopenda hivyo, usomaji sikio hili na muziki sikio lile. Nilimpelekea wazo hilo Maalim, akataka kujua ana vichwa vingapi. Anataka hedifoni moja, waya mmoja. Kuunganisha kadi mbili kwenye hedifoni moja kunataka miksa ya nje, na meza yake imeshajaa deki ya kaseti na birika.

Kadi za studio zenye miksa ndani, kama M-Audio Audiophile 2496 yenye chipu ya ICE1712, nimeziacha. Miksa yake ni nzuri sana kwa kujumlisha vyombo vinavyoingia na kile kinachopigwa ili mwimbaji ajisikie bila kuchelewa. Hiyo ni kazi nyingine. Anayeuza atakuambia "ina hardware mixing" na hatakuwa amedanganya, ila siyo mjumlisho wa programu nyingi zinazogombea mlango.

Jumatano. Kwa muuza mitumba

Kabla ya kutoka nimefungua boksi la kompyuta kuhakikisha: 7010 ya boksi refu ina sloti moja ya PCI, ile nafasi ya zamani ya kuchomekea kadi, tofauti na zile mpya za PCIe. Ile 7010 ndogo ya SFF haina. Mtu akitaka kufuata njia hii aanze na sloti, ndipo aende sokoni.

Muuzaji alikuwa na katoni mbili za kadi zimechanganyika: modemu za simu, kadi za mtandao, kadi za tiivii, nyaya za printa. Ya kwanza aliyonitolea ilikuwa Sound Blaster Live! 24-bit, imefungwa vizuri kwenye mfuko wake.

"Hii ndiyo kali, fundi. Zile nyingine ni 16, hii 24."

Nikaigeuza kwenye mwanga. Juu ya chipu kubwa imeandikwa CA0106. Hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Jina ni Live!, nembo ni ileile, namba ni kubwa zaidi, lakini chipu ya CA0106 haina ule mtambo wa kujumlisha. Inatumia draiva nyingine, `snd-ca0106`, na ukiikagua unakuta kila towe lake lina mlango mmoja tu. Audigy SE ni hiyohiyo kwa ndani. Kuna na mtego wa pili, kadi za Live! zilizotengenezewa kompyuta za Dell, SB0200, zenye chipu iliyoandikwa EMU10K1X. Ile herufi X mwishoni imenyofoa karibu kila kitu ninachokitafuta.

Kwa hiyo usisome jina la kwenye boksi, soma chipu. Na kama muuzaji ana kompyuta inayowaka, chomeka kadi, washa Linux kutoka kwenye flashi, andika `lspci -nn`. Namba za Creative huanza na 1102. Ukiona 1102:0002 ni EMU10K1 halisi. 1102:0004 ni Audigy, pamoja na Audigy 2. 1102:0008 ni Audigy 2 Value na ndugu zake, nazo zinafaa. 1102:0005 ni X-Fi. Ukiona 1102:0006 ni ile ya X, na 1102:0007 ni CA0106. Hizo mbili rudisha katonini.

Chini kabisa ya katoni ya pili, kati ya modemu, nikaipata SB0060, Live! 5.1, chipu EMU10K1 bila herufi ya ziada. Vumbi limegandamana, meno ya dhahabu yamefifia, tundu moja la jeki limelegea kidogo, siyo tunalolihitaji. Muuzaji alitaka elfu ishirini na tano, tukaelewana elfu kumi na tano kwa sharti kwamba nisiporidhika nairudisha kabla ya Ijumaa. Nikamuuliza kama anayo ya pili ya akiba. Hana.

Alhamisi. Kuifunga

Meno ya kadi nimeyapiga raba ya shule, ile nyeupe laini, mpaka yakarudi kung'aa, kisha nikayafuta kwa spiriti na kitambaa. Hatua hii usiiruke kwa kadi iliyolala katonini miaka. Nusu ya kadi ninazoletewa "zimekufa" hufufuka hapa.

Kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka, upande wa System Configuration, nimezima sauti ya mazabodi. Sikutaka mfumo ubaki na kadi mbili za kuchagua kila unapowaka. Kadi ikakaa, Debian ikawaka, draiva ikajipakia bila kuombwa. `aplay -l` ikaleta nilichokuwa nakisubiri, kadi inayoitwa Live, na chini yake `Subdevices: 32/32`.

Ila hedifoni kimya. Kadi hizi zina swichi moja ya ajabu kwenye `alsamixer`, inaitwa "SB Live Analog/Digital Output Jack". Ikiwa imewashwa, jeki inatoa mawimbi ya kidijitali na hedifoni ya kawaida haisikii kitu. Ukisogea nayo kwa mishale na kubonyeza M ili izime, sauti inarudi palepale. Nimehifadhi hali hiyo kwa `alsactl store`, na nimemwandikia Maalim faili dogo la amri liitwalo `sauti`, linazima swichi hiyo na kupandisha Master na PCM. Siku moja akipoteza sauti, ataliita hata kwa kuandika bila kusikia: s, a, u, t, i, Enter.

Baada ya hapo nikarudisha PulseAudio kwenye hali yake ya kiwandani, dmix nikaifuta. Kwenye `/etc/default/espeakup` nikaweka lugha `sw`. Kompyuta nikaizima na kuiwasha upya kabisa.

Alhamisi jioni. Majaribio

Jaribio lilelile la Jumamosi: madirisha mawili, `aplay -D hw:Live,0` kote kuwili. Safari hii kaswida mbili zikaimba juu ya mwenzake, makelele matupu, na mimi nacheka peke yangu. La kupendeza ni kuitazama kadi ikihesabu. Faili `/proc/asound/Live/pcm0p/info` lina mstari wa `subdevices_avail`. Kabla ya kuanza ulisoma 32. Dirisha la kwanza likaanza, 31. La pili, 30. Nikafunga moja, ikarudi 31. Hakuna mjumlishaji wa programu hapo katikati. `Hw` maana yake umekwenda kwenye chuma moja kwa moja.

Maalim aliingia baada ya magharibi. Shikamoo, marahaba, akakaa, akavaa hedifoni. Akafungua rekodi ya maulidi MATE, Orca inamsomea vitufe juu ya dufu. Kisha Ctrl+Alt+F2. Dufu likaendelea, na juu yake sauti ya kibati ikatamka jina la kompyuta na "login". Akaingia, akaorodhesha mafaili, akabadilisha jina la moja, akarudi MATE, akaenda tena F2, akarudi. Hakusema kitu. Akaongeza sauti ya dufu.

Baadaye akauliza, "Na nikifungua ya tatu?"

"Fungua, Maalim. Imebaki milango thelathini."

Ijumaa. Kasoro za kadi hii

Ndani ya EMU10K1 kila kitu hutembea kwa kilohezi 48. Faili la CD la kilohezi 44.1 linageuzwa na chipu kabla ya kujumlishwa, na wenye masikio makali walilalamikia mgeuzo huo tangu kadi ikiwa mpya. Kwa kaseti zilizorekodiwa ukumbini kwa maikrofoni moja, tofauti hiyo hausikii wewe wala mimi. Nimempangia Maalim arekodi kwa 48,000 moja kwa moja kupitia Line In, tundu la kuingizia sauti, ili kusiwe na kugeuza huku na kule.

Matokeo yake ni biti 16, siyo 24. Mjumlisho wa chuma pia ni wa kupiga tu. Kurekodi ni kwa mkondo wa kawaida. Mtu anayetaka ubora wa kurekodi anunue kadi nzuri ya USB kwa ajili hiyo na aache Live! iseme. Na jeki zake zina mvumo mdogo ukipandisha sauti hadi mwisho wakati hakuna kinachopigwa.

Kubwa kuliko yote ni PCI. Mazabodi hii ikifa, nyingine ninayoipata huenda haina sloti hiyo. Hapo kuna Audigy Rx, ambayo Creative waliitoa kwa PCIe huku ndani ikiwa bado ni ukoo wa EMU10K2, chipu ya Audigy, na draiva ileile. Nimeiandika kwenye orodha ya vitu vya kuagiza kwa mtu akija kutoka Dubai. Ikishindikana, kidude cha USB kwa espeakup, na Maalim atajadiliana na mwenyewe kuhusu vichwa.

Kilichobaki

Maalim ameomba usomaji usikike kushoto tu, dufu lienee masikio yote. Draiva hii inatoa kwa kila mlango wa kadi vidhibiti vyake, kiasi cha sauti na inakopelekwa, vinavyoonekana kwa `amixer` lakini si kwa `alsamixer`, na huamka tu mlango unapokuwa na sauti. Kasoro ni kwamba espeakup haipati mlango wenye namba ileile kila mara. Inategemea nani kaingia kwanza. Kwa hiyo nadhani nitamwekea espeakup njia yake kwenye `asound.conf`, faili la mipangilio ya ALSA, aina ya `route`, inayomimina pande zote mbili kushoto kabla ya kuingia kwenye kadi. Kiasi cha sauti nitakipunguza ndani ya eSpeak NG yenyewe. Nitafanya wikiendi ijayo, umeme ukikaa.